Siku ya Tatu Bila Kilevi

Msikilizaji, kama redio yako ni ile ya kitufe cha kuzungusha, hebu ishike. Huku kwetu Kigoma, tangu Kibirizi hadi Ujiji, ukikisogeza kitufe unywele mmoja tu unakihama kituo cha mjini na kuangukia Kirundi cha Bujumbura. Ukisogeza tena, ziwa linakuletea Kiswahili cha ng'ambo, cha Kongo, chenye Kifaransa ndani yake. Mawimbi yote hayo yamejaa chumbani mwako kwa wakati mmoja. Redio haiyatengenezi, inachagua tu lipi ulisikie. Leo nataka tuzungumze kuhusu kitufe cha namna hiyo ambacho wataalamu wanakielekeza kwenye kichwa cha mtu aliye hai, na vituo wanavyovitafuta ni kemikali za ubongo wa mtu aliyetekwa na pombe, au unga, au sigara.

Usidhani napamba maneno. Ni redio hasa. Matangazo ya FM yanakaa kati ya megahezi 88 na 108. Mashine ya MRI yenye sumaku ya tesla 3 inasikiliza kwenye megahezi 128 hivi, juu kidogo ya pale FM inapoishia. Ile ya tesla 1.5, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi hospitalini, iko kwenye 64, chini kidogo ya pale FM inapoanzia. Kwa sababu hiyo chumba cha MRI huzungushiwa shaba ukutani, darini na sakafuni, matangazo ya watu kama mimi yasipenye na kuchafua kipimo.

Habari hii ilianza mwaka 1946, pale makundi mawili ya wanafizikia wa Marekani, moja la Felix Bloch na jingine la Edward Purcell, yalipogundua kila moja kwa njia yake kwamba kiini cha atomu ya haidrojeni kikiwekwa kwenye sumaku kali hupokea wimbi la redio la kiwango maalumu na kisha kulirudisha. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1952. Katikati ya miaka hiyo kukajitokeza jambo ambalo kwa wanafizikia wa wakati ule lilikuwa usumbufu mtupu: kiini kilekile kimoja hakikuitika sawasawa kila mahali. Kikiwa ndani ya kemikali hii kinaitika hapa, ndani ya kemikali ile kinaitika pembeni kidogo, kwa sababu elektroni zinazokizunguka zinakikinga kidogo na sumaku, na kila kemikali ina kinga yake. Wanakemia waliposikia hivyo walichekelea. Usumbufu wa mwenzao ulikuwa ndio chakula chao, maana sasa kila kemikali ilikuwa na masafa yake.

Picha ya MRI ambayo wengi wetu tumeiona ikishikwa kwenye bahasha kubwa ya kahawia ni picha ya maji. Mwili umejaa maji, maji yana haidrojeni, na mashine inapiga picha kwa kuyasikiliza. Lakini maji ni kituo chenye mtambo mkubwa mno; kinafunika vingine vyote. Kemikali tunazozitaka ni haba kuliko maji yale mara elfu kumi hivi. Kipimo ninachokizungumzia leo, spektroskopia ya sumaku, ambacho wenyewe hukiita MRS, kinatumia mashine ileile ya MRI ila kinafanya kinyume chake: kwanza kinayanyamazisha maji, halafu kinatega sikio. Kinachotoka si picha. Ni mstari wenye vilima vidogo vidogo, na kila kilima kina mwenyewe. Kirefu kuliko vyote ni cha NAA, kemikali iliyomo zaidi ndani ya seli za neva, hata wataalamu huisoma kama dalili ya uzima wa seli hizo. Kuna cha kreatini, inayohusika na nishati. Kuna cha kolini, inayohusika na ngozi nyembamba za seli. Halafu kuna glutameti na GABA, na hao wawili ndio nitakaokaa nao usiku wa leo.

Glutameti ndiyo inayoziamsha seli za ubongo. GABA ndiyo inayozituliza. Ukiwa macho unanisikiliza hivi, hutetemeki, huanguki kifafa, wala hulali fofofo, basi ni kwamba hao wawili wamepatana kichwani mwako. Pombe inapoingia inaisaidia GABA na kuibana glutameti. Ndiyo ile raha ya glasi ya kwanza: mabega yanashuka, ulimi unalegea, deni la dukani linasahaulika. Mwaka 2009 watafiti wa Heidelberg, Ujerumani, walichapisha habari za watu 15 waliojitolea kulala ndani ya mashine na kunywa pombe kwa mrija hukohuko ndani. Ilichukua dakika 6 hivi kwa kilevi na mabadiliko yake kuonekana ubongoni. Pombe yenyewe ina kilima chake kwenye ule mstari. Inaonekana wazi kabisa, kama mgeni aliyeingia na viatu.

Sasa mtu akinywa kila siku, mwezi baada ya mwezi, ubongo haukai kimya. Unajipanga upya. Kwa kuwa kila siku kuna kitu kutoka nje kinatuliza, wenyewe unapunguza kutuliza na kuzidisha kuamsha, ili mwenye kichwa aweze kusimama na kwenda kazini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliwahi kuonyesha kwa kipimo hiki, mwaka 1999, kwamba walevi waliotoka kuacha pombe karibuni walikuwa na GABA kidogo kuliko watu wengine, upande wa nyuma wa ubongo. Mlevi wa namna hii asubuhi anaonekana mzima pale tu anapokuwa amepata ya kuzimulia. Sisi tunamcheka. Tunasema, tazama, saa moja asubuhi ameshashika kikombe. Kumbe asipokishika hataweza hata kufunga vifungo vya shati.

Ndipo tunafika kwenye kile kilichonifanya nichague mada hii. Watafiti wa Mannheim, Ujerumani pia, waliwapima walevi waliolazwa hospitalini wakati wanaacha pombe. Siku ya kwanza ya kuacha, glutameti kwenye sehemu ya mbele na katikati ya ubongo ilikuwa juu kuliko ya watu wasio walevi. Baada ya wiki mbili bila pombe ilikuwa imeshuka na kulingana nao. Walifanya hivyohivyo kwa panya waliozoeshwa pombe, wakapata jambo lilelile. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Kwa maneno mengine, kile kinachoamsha kimebaki kimepanda, na kile kilichokuwa kinakizuia kimeondolewa ghafla. Vijana wa unga wana neno lao kwa hali ya kukatika kilevi, wanaiita arosto. Ya heroini inatesa sana ila kwa kawaida haiui mtu mzima mwenye afya. Ya pombe inaweza kuua, na wengi wetu hatulijui hilo, kwa sababu pombe inauzwa dukani na unga unafichwa.

Madaktari wameyahesabu masaa yake zamani, kabla hata ya mashine hizi. Kifafa cha kuacha pombe huja kati ya saa 6 na saa 48 tangu kikombe cha mwisho. Kuweweseka kwenyewe, kuona wadudu ukutani, kusikia sauti, homa, jasho, moyo kwenda mbio, huja kati ya saa 48 na saa 96. Yaani siku mbili hadi nne baada ya kikombe hicho.

Tuiweke hesabu hiyo ziwani. Wavuvi wangu mnaonisikiliza mnaijua kalenda yenu kuliko mimi. Dagaa na migebuka huvuliwa usiku kwa taa, iwe karabai ya zamani au hizi za betri za siku hizi. Taa inawavuta samaki kwa sababu kuna giza. Mwezi ukipevuka, taa haina kazi. Mitumbwi inavutwa ufukweni, nyavu zinashonwa, na kwa wiki nzima au zaidi watu wapo nchi kavu wakiwa na fedha za giza lililopita. Sisemi wavuvi wote ni walevi. Wapo wengi wasioigusa, na Ujiji ni mji wa misikiti. Lakini wale wanaokunywa, mbalamwezi ndiyo msimu wao, na wanakunywa kuanzia asubuhi: pombe ya ndizi kutoka milimani Uhani, wanzuki, tembo la mchikichi, na gongo kwa asiye na muda wa kusubiri. Viroba vilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Machi 2017, lakini gongo haikuwahi kuhitaji kiwanda wala kibali.

Kisha giza linarudi. Tajiri wa mtumbwi anaita watu wake. Yule aliyekunywa siku nane mfululizo, juu ya miaka yake mingine ya kunywa, anaingia ziwani usiku wa kwanza na chupa yake kiunoni, au bila chupa kabisa kwa kuwa fedha imekwisha. Usiku wa pili mikono inatetemeka kwenye kamba. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale linapozama zaidi. Lina upepo wake. Na taa inammulika machoni usiku kucha. Kifafa kikimshika hapo, wenzake watasema nini? Watasema amekamatwa. Watasema ziwa limemtaka. Sitaki kubishana na mtu juu ya majini, kila mji una yake. Ninachosema ni kwamba kabla ya kumtafuta jini, muulizeni huyu bwana mara ya mwisho alikunywa lini.

Na nyumbani je? Mara nyingi ndugu wanamfungia. Wanasema tumfungie chumbani wiki moja, ajifunze. Mama anapitisha uji mlangoni. Mke anashika funguo. Wanafanya kwa mapenzi, nalijua hilo, wala siwalaumu, kwa sababu hakuna aliyewaambia kuwa mlevi wa kila siku hapaswi kukatishwa ghafla bila daktari kumwangalia. Kumfungia mtu huyo bila dawa ni kumwacha peke yake na ile glutameti. Dawa yenyewe si ya ajabu. Daktari humpa diazepamu au za jamii yake, ambazo zinashika kipokezi kilekile cha GABA na kuiongezea nguvu, kisha anampunguzia siku hadi siku. Humpa na vitamini B1, thiamini, kwa kuwa mlevi mkubwa huwa ameikosa, na kukosa kwake kunaweza kuuharibu ubongo kwa njia nyingine kabisa, mtu akabaki hakumbuki alichokula mchana. Vyote hivi ni vya bei nafuu na vya zamani. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko hapa Maweni. Anayetetemeka, anayetoka jasho na kusema maneno yasiyoeleweka siku ya pili au ya tatu baada ya kuacha pombe apelekwe usiku huohuo, kama mnavyompeleka mwenye malaria kali.

Nimesikia watu wakisema, basi na hiyo mashine iletwe Kigoma, tuwapime waume zetu tujue nani mraibu na nani mlevi wa sherehe. Hapo niseme pole. Kipimo hiki hakifanyi kazi hiyo, wala hakiko karibu kuifanya. Matokeo yote niliyoyataja ni ya wastani wa kundi likilinganishwa na kundi. Ukimchukua mtu mmoja mmoja, vilima vyao vinaingiliana. Mlevi mmoja anaweza kuwa na mstari mzuri kuliko wa shemasi. NAA ikishuka, inaweza kuwa pombe, inaweza kuwa virusi vya UKIMWI, inaweza kuwa kuumia kichwa kwenye bodaboda, kiharusi, au kifafa cha tangu utotoni. Sigara nayo inavuruga hesabu, na walevi wengi huvuta. Ukisikia kliniki mahali popote inauza picha ya ubongo ya kuthibitisha uraibu, funga pochi yako. Uraibu unatambuliwa kwa kumkalisha mtu na kumuuliza maswali, na kuwauliza wanaoishi naye.

Kuna na jambo jingine ambalo wenzangu wa redio wanalikosea kila siku. Wakizungumzia uraibu wanataja dopamini, dopamini, dopamini, kana kwamba ndiyo kemikali pekee kichwani. Dopamini ipo na kazi yake ni kubwa. Lakini kipimo hiki hakiioni kabisa. Ni chache mno kwa sikio lake. Yanayojulikana kuhusu dopamini kwa binadamu aliye hai yametoka zaidi kwenye mashine nyingine, PET, ambayo mtu anadungwa dawa yenye mionzi kwanza. Kila mashine ina kituo chake inachokishika, na kinachosikika zaidi kwenye magazeti si lazima kiwe ndicho chenye msaada kwa mtu wa Gungu aliyeamka anatetemeka.

GABA nayo ina visa vyake. Kilima chake kinachopimwa kimejificha chini ya kile cha kreatini, kwa hiyo wataalamu wanalazimika kutumia ujanja wa kupima mara mbili, mara moja hivi na mara moja vile, kisha kutoa moja kwenye nyingine ili kinachobaki kiwe GABA. Na bado wanahitaji kipande kikubwa cha ubongo, mchemraba wa sentimita 3 kila upande, na mgonjwa alale kama gogo kwa dakika kumi. Sasa mwambie mtu wa siku ya kwanza bila pombe alale kama gogo! Wale waliofaulu kuwapima wagonjwa wa namna hiyo nawavulia kofia.

Nimesoma mahali pengi hoja kwamba sayansi hii imekuja kututoa kwenye kulaumu tabia. Siku hizi imekuwa wimbo, na nina wasiwasi nao kidogo. Ni kweli kulaumu kumetufikisha pabaya. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipofika Ujiji mwezi Februari 1858 akiwa na mwenzake Speke, aliandika kuhusu tembo la mchikichi na bangi, akawahukumu Wajiji kwa tabia zao kama hakimu. Na yeye mwenyewe hakuwa mtu wa kunywa maji tu. Hukumu ya namna ile bado tunayo, tena tunaitoa wenyewe. Lakini kusema ni kemia tu nako kunamwacha mtu bila mikono. Kemia ya wale wa Mannheim ilibadilika kwa sababu mtu aliacha kunywa. Yaani tabia iliigeuza kemia, kama kemia ilivyokuwa imeigeuza tabia. Ukitaka nikuambie ipi ilitangulia, nitakuambia nenda kaulize sokwe wa Gombe, hapo kaskazini kwetu. Wanasayansi wa vinasaba wamekadiria kwamba babu wa zamani wa sokwe na sisi, yapata miaka milioni 10 iliyopita, alipata badiliko kwenye kimeng'enya kinachovunja pombe, likamwezesha kula matunda yaliyoanguka na kuchacha bila kuyumba. Kwa hiyo kilevi kina undugu na sisi tangu kabla ya Waha, Wajiji na Waarabu.

Turudi kwenye kupona, maana hapo ndipo kipimo hiki kilipo na habari ninayoipenda. Mwaka 2007 kundi lililoongozwa na Andreas Bartsch, kutoka Würzburg, Ujerumani, lilichapisha kazi iliyofuata walevi 15 waliokuwa wameacha. Waliwapima mwanzoni, wakawapima tena baada ya wiki 6 hadi 7 bila pombe. Ubongo wao ulikuwa umeongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 2. Si maji tu yaliyorudi, kwa sababu NAA nayo ilipanda, na kolini ikapanda kwenye ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaotupa uwiano wa kutembea. Mtu aliyekuwa hawezi kukanyaga ubao wa kupandia boti bila kushikwa mkono, sehemu inayomrudishia mguu wake imeanza kujijenga. Wiki 6! Ila haikuwa sawa kwa wote. Wale waliokunywa miaka mingi zaidi walipona kwa kiasi kidogo.

Nataka uishike wiki hiyo ya 6, kwa sababu ndugu wengi wanakata tamaa wiki ya pili. Kutetemeka kumekwisha, wageni wamekuja kumpongeza, na bado mtu ni mkali, halali, anasahau alichotumwa sokoni. Wanasema, si ameacha? Mbona bado yuko hivi? Na yeye anasema hivyohivyo moyoni, na njia ya klabuni anaijua. Glutameti inaweza kuwa imetulia wakati huo, kama kwa wale wa Mannheim, lakini matengenezo mengine bado yanaendelea, na hayana dalili ya nje. Kuna dawa iitwayo akamproseti ambayo hutolewa kuwasaidia watu kubaki bila pombe. Kwa miaka mingi ilitumika bila watu kuwa na hakika inafanya nini ubongoni. Mwaka 2010 watafiti wa Bethesda, Marekani, waliwapa dawa hiyo baadhi ya wagonjwa 33 na wengine wakawapa kidonge kitupu, na kwa kipimo hiki wakaona kwamba baada ya wiki 4 glutameti ilishuka kwa waliopewa dawa. Hapo ndipo naiona faida ya mashine: kuitazama dawa ikifanya kazi, na kujua ianze lini.

Mama wajawazito nao niwazungumzie, ingawa ni kwa ufupi. Cape Town, Afrika Kusini, watafiti wamewapima watoto ambao mama zao walikunywa sana wakiwa na mimba. Matokeo yao ya mwaka 2014 yalionyesha NAA na kolini zikiwa chini ndani ya ubongo mdogo wa watoto hao, na kadiri pombe ilivyokuwa nyingi tumboni ndivyo hali ilivyokuwa mbaya zaidi. Hawa hawakuwahi kushika kikombe. Ile kauli kwamba pombe ya ndizi inaongeza damu, au inamfungulia mama maziwa, tuiache.

Mashine zenyewe ziko wapi? Muhimbili ipo MRI, Dodoma kwenye Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo, na zipo za binafsi mijini. Hizo kazi yake ni wagonjwa wa kila siku: uti wa mgongo, uvimbe wa kichwa, watoto. Kutoka hapa hadi Dodoma ni safari ndefu kwa reli iliyotufikia mwaka 1914, ndefu vilevile kwa basi. Taifa kwa upande wa unga limefanya jambo la maana. Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni Februari 2011, na nyingine zikafuata mikoani. Mtu wa heroini siku hizi ana dirisha lake, ana muuguzi anayemjua kwa jina, ana kikombe chake kila asubuhi. Mtu wa gongo hana dirisha. Anafikishwa hospitalini akiwa ameanguka, anashonwa kidonda cha kichwa, anarudishwa nyumbani, na swali la mara ya mwisho alikunywa lini halijaulizwa.

Sumaku za mashine hizi hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, kwenye baridi ya nyuzi 269 chini ya sifuri. Kwa hiyo inanichekesha kidogo kwamba mwaka 2016 ilitangazwa kugunduliwa heliamu nyingi chini ya bonde la Rukwa, jirani yetu hapo kusini. Gesi ipo kwetu, sumaku zinatengenezwa ng'ambo. Upande mwingine, Uganda kuna jambo la kutazama. Mwaka 2022, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, Johnes Obungoloch akiwa miongoni mwa wahusika wakuu, kwa kushirikiana na wenzao wa Uholanzi, waliunganisha hukohuko Mbarara MRI ndogo ya sumaku za kudumu, isiyohitaji heliamu wala umeme mwingi, kwa ajili hasa ya watoto wenye vichwa vilivyojaa maji. Ni kazi nzuri. Ila sumaku yake ni dhaifu mno kwa kipimo cha leo; vituo vyote vinajikusanya mahali pamoja, huwezi kutofautisha glutameti na kreatini. Kwa hiyo mvuvi wa Katonga atakayelala ndani ya mashine ya kupima GABA yake bado yuko mbali, na sitamdanganya mtu.

Lakini siku itakuja, na wanafunzi wa udaktari kutoka mkoa huu wapo, baadhi yao najua wananisikiliza wakiwa likizo. Ushauri wangu kwako, kijana utakayekuja na fedha za utafiti: kalenda ya ukutani waachie watu wa ofisi. Kaa kwanza Kibirizi ujue mwezi umefikia wapi. Waombe wale wanaotaka kuacha waje siku mbalamwezi inapoisha, kabla tajiri hajawaita. Wakae chini ya daktari, na diazepamu na thiamini ziwepo kabla ya mashine kuwashwa. Kipimo cha kwanza kifanyike daktari akisha kuridhika kwamba mtu anaweza kulala kimya bila hatari. Cha pili baada ya wiki mbili, wakati giza bado lipo na wenzao wako ziwani. Cha tatu wiki ya 6, ambayo ikihesabiwa vizuri inaangukia giza jingine, mbalamwezi moja nzima ikiwa imepita katikati. Na hiyo mbalamwezi ya katikati uipangie bajeti kabla ya kitu kingine chochote: posho ya siku ambazo mvuvi hana kazi, na mtu wa kukaa naye jioni.